Umande wa Sanduku la Tisa

Sanduku la tisa halikuwa na umande.

Ndilo jambo la kwanza Sikitu aliloliona asubuhi ile. Alikuwa amevua mablanketi mawili yaliyofunika trekta, akayatupa begani, akaenda kuchochea moto wa chai nyuma ya banda. Aliporudi, ukungu ulikuwa umeshapanda kutoka bondeni na kulowesha kila kitu: usukani, kiti, meno ya jembe, na masanduku kumi na mawili ya betri yaliyopangwa chini ya kiti kama mikate kwenye sinia. Masanduku kumi na moja yalitoka jasho la baridi. La tisa lilikuwa kavu kama figa.

Aliweka kiganja. Lilikuwa vuguvugu.

Akaweka kiganja juu ya la nane, kisha la kumi. Baridi, kama ilivyopaswa kuwa. Trekta halikuwa limefanya kazi tangu jana mchana, na waya wa chaji ulichomolewa kabla ya jua kuzama. Sanduku lililopumzika halina sababu ya kupata joto, ila kama linajila lenyewe kwa ndani.

"Una homa wewe?" Sikitu alinong'ona.

Trekta lile dogo la bustani liliitwa Bubu, na jina hilo lilitoka kinywani mwa Stumai, dereva wake. Siku lilipoletwa Kwembughu, miaka sita nyuma, wanawake wa kikundi cha kilimo walisimama kusubiri lingurume kama matrekta ya zamani waliyohadithiwa na bibi zao. Halikunguruma. Liliondoka kimya na kupanda ngazi ya kwanza ya shamba lililokatwa mlimani kama paka apandaye kitandani. Stumai akapiga kigelegele, akasema, "Haya Sikitu, umepata mwenzio! Sasa mabubu mko wawili!"

Watu wakacheka, na Sikitu naye akacheka, maana Stumai hakuwa na roho mbaya. Wamekua pamoja, wamekaa dawati moja. Stumai alikuwapo darasa la tano siku ile Mwalimu Mhando alipomsimamisha Sikitu na kumuuliza robo tatu ya ishirini ni ngapi. Jibu alikuwa nalo. Lilimjia hata kabla mwalimu hajafunga mdomo. Lakini macho ya watoto sitini yalimgeukia, koo likafunga, na hewa ikapita bila neno. Mwalimu alisubiri, akachoka, akasema, "Keti, bubu." Kesho yake Sikitu hakwenda shule. Keshokutwa mama yake akaugua, na ugonjwa ule ukawa sababu nzuri ya kutorudi tena. Hajamwambia mtu kwamba alilijua jibu. Ungemwambia nani, na kwa faida gani?

Kwa hiyo alipewa kazi isiyohitaji maneno: kumtunza Bubu. Kumchaji kwa umeme wa mtambo wa maji wa kule mtoni, kumpangusa, kumfunika. Kumfunika hasa lilikuwa wazo lake mwenyewe. Kipupwe cha kwanza alimwona Bubu amesimama kwenye ukungu akitiririka maji, moyo ukamwuma, akamletea blanketi kama afanyavyo mtu kwa ndama aliyezaliwa siku za baridi. Wenzake walimcheka wiki moja. Wiki ya pili Bi Kupaza, mwenyekiti wa kikundi, ambaye ni shangazi yake Sikitu, alileta blanketi la pili, zito zaidi. Sasa hakuna kikundi mlimani humo kisichofunika trekta lake, na wote wakiulizwa husema wameiga kwa yule binti wa Kwembughu.

"Mabubu hamjambo!" Stumai alikuwa amefika, ameshikilia kiazi cha moto. "Mbona umemkumbatia hivyo? Anakuoa lini?"

"Shika hapa," Sikitu alisema kwa sauti ndogo.

Stumai akashika sanduku la tisa kwa mkono wenye masizi ya kiazi. "Pana joto. Vizuri. Blanketi zuri hilo."

"Na hapa?"

"Baridi." Stumai akatafuna. "Basi hilo moja limelala pazuri. Lete chai, leo mpimaji anakuja. Na wewe ukimwona usijifiche kwenye gunia."

* * *

Mpimaji aliitwa Shemweta. Alikuwa mtu wa makamo mwenye adabu, na kipimo chake kilikaa ndani ya mkoba wa ngozi. Alikipakata kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenyewe. Wanawake arobaini na mmoja wa kikundi walimzunguka, kila mmoja na khanga yake bora, maana hii ilikuwa siku ya kujua kama Bubu amemaliza vyema maisha yake ya kwanza.

Sheria ya betri ilijulikana hata kwa watoto wa chekechea. Hakuna mtu amilikiye betri. Watu huilea tu, na yenyewe ina maisha matatu. Maisha ya kwanza ni ya nguvu, kulima na kubeba. Ikichoka kiasi, huenda kwenye maisha ya pili, ya utulivu: kuwasha taa na mitambo ya shule au zahanati. Ikichoka kabisa huenda tanuruni, ikayeyushwa, ikazaliwa upya. Mpaka kati ya maisha ya pili na tanuru ni asilimia sabini. Kikundi kikikabidhi betri iliyo juu ya sabini, huletewa betri mpya kwa lori. Kikikabidhi iliyo chini, huhesabiwa kuwa kimeilea vibaya. Hurudishwa nyuma ya foleni, na msimu mzima hulima kwa jembe la mkono.

Shemweta alichomeka waya mbili, akapachika kijiti cha kupimia hewa kwenye nguzo ya banda, akaketi kwenye kigoda. Kipimo kilivuta umeme kutoka kwa Bubu, kikapumzika, kikavuta tena, kama daktari amwambiaye mgonjwa avute pumzi. Nusu saa ikapita.

"Sabini na nane," alisema.

Vigelegele vilivyopigwa viliamsha kunguru wote wa bonde lile. Bi Kupaza, ambaye magoti yake humsumbua hata kupanda ngazi mbili, alicheza. "Miaka sita!" alipaza sauti. "Wenzetu wa kule juu waliua lao kwa miaka minne. Sisi miaka sita, sabini na nane! Andika hapo, mwanangu, Kwembughu hatulimi tu, tunalea!"

"Nimeona," Shemweta alicheka. "Anayelitunza ni nani?"

Vidole arobaini vilielekezwa kwenye kona ya banda. Sikitu alitamani lile gunia.

"Wewe ndiye fundi?"

"Hapana." Aliangalia miguu yake. "Mie nafunika tu."

"Sawa. Alhamisi tutakabidhi zahanati. Mlezi wa betri ataulizwa kama ana la kuongeza. Unajua jibu lake?"

"Sina la kuongeza," wanawake waliitikia kwa pamoja na kucheka, maana jibu hilo lilikuwa desturi. Chini ya kila cheti kulikuwa na mstari mtupu wa kauli ya mlezi, na katika mlima mzima haikusikika mlezi aliyewahi kuongeza neno.

Sikitu hakuitikia. Alikuwa akitazama mkebe wa maziwa ya unga uliokuwa darini, na mbegu za maharage zilizokuwa ndani yake.

* * *

Mbegu zile hakuna aliyezijua isipokuwa yeye.

Tangu siku ya kwanza alikuwa akifuata nyuma ya Bubu shambani, na kila Bubu alipomaliza kulima ngazi moja bila kurudi kuchajiwa, Sikitu alitia mbegu moja ya haragwe mfukoni. Haikuwa kazi aliyotumwa. Alipenda tu kujua. Mwaka wa kwanza chaji moja ililima ngazi kumi na nane. Mwaka wa tatu kumi na tano. Msimu huu, tena siku ya jua zuri, kumi na moja.

Alilala na hesabu hiyo ikimwasha kama upupu. Asubuhi ya Jumanne alipomaliza kumpangusa Bubu alifunga mlango wa ghala, akatandika gunia, akamwaga maharage.

Asilimia hakufundishwa, aliacha shule kabla ya kufika huko. Lakini alijua ni sehemu katika mia. Basi akafikiri hivi: kila ngazi aliyolima Bubu sasa, niihesabu mbegu mia. Ngazi kumi na moja, mbegu elfu moja na mia moja. Akazihesabu zote, akizipanga mia mia. Kisha akazigawa, moja moja, kwa mafungu kumi na nane, maana ngazi za Bubu akiwa mzima zilikuwa kumi na nane. Kila fungu, ambalo ndilo litakaloeleza uhai wa Bubu, litakuwa na mbegu ngapi? Kama kipimo kinasema kweli, sabini na nane.

Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine. Mikono ilikwenda kama ya mtu achezaye bao. Mwisho akahesabu fungu la kwanza. Sitini na moja. La pili, sitini na moja. Yote kumi na nane yalikuwa sitini na moja, na mbegu mbili zikabaki kiganjani bila pa kwenda.

Sitini na moja. Chini ya sabini.

Sikitu aliketi akazitazama mbegu zake. Jambo la kwanza alilolisikia moyoni, hata kabla ya hofu, lilikuwa fahari. Hesabu ilikuwa imekaa sawasawa, na hakuna aliyemsaidia. Kisha hofu ikaja. Kama mbegu zilisema kweli, kipimo kiliongopa kwa sehemu kumi na saba. Zimetoka wapi?

Alimkumbuka mpimaji akipachika kijiti cha hewa kwenye nguzo. Kwa nini mtu apimaye betri apime hewa? Bubu mwenyewe ndiye aliyemjibu, kwa mambo ambayo Sikitu aliyaona miaka sita: kwamba kipupwe Bubu hulima ngazi chache na kiangazi hulima nyingi, ingawa ni Bubu yuleyule. Betri yenye baridi hubana umeme wake kama mtu mwenye baridi abanavyo mikono kwapani. Umeme upo, ila hautoki wote. Mpimaji bila shaka analijua hilo. Basi kipimo chake kinasoma baridi ya hewa, na hewa ikiwa baridi kinamwongezea mgonjwa alama za huruma.

Lakini Bubu hakuwa na baridi. Bubu alikuwa amelala chini ya mablanketi mawili, na asubuhi ile ukungu ulipoza ngozi yake tu; Sikitu alimpangusa, akamfunika tena, akayavua mpimaji alipokuwa tayari ameketi. Kipimo kilikuwa kimemhesabia baridi ambayo hakuisikia.

Ni blanketi lake. Mapenzi yake mwenyewe ndiyo yaliyodanganya. Na kama matrekta yote ya mlimani yanafunikwa siku hizi, basi uongo ule umesambaa zahanati kwa zahanati, na yeye ndiye aliyeupanda.

Alikwenda kwa shangazi yake mchana uleule. Alimkuta Bi Kupaza anachambua miche ya kabichi, na uso wake unang'aa bado.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba, mlezi wa Kwembughu! Keti. Nimeamua tutashona sare ya kukabidhi."

"Shangazi, betri..."

"Nini, mama?"

"Naona... si sabini na nane."

Bi Kupaza aliacha kuchambua. Alimtazama bila ukali. "Kipimo kimesema. Kilitoka kwa watu waliosoma, Sikitu."

"Nimehesabu kwa maharage."

"Kwa maharage." Shangazi alishusha pumzi. "Sikiliza, mwanangu. Miche hii ni elfu sita. Wenye magoti kama yangu kikundini ni kumi na tisa. Ukituondolea trekta masika haya, nusu ya ngazi zitalala pori, na ngazi isiyolimwa hubomoka mvua ikija, unalijua hilo. Zahanati wao wana taa ya jua ya akiba. Usijitie kwenye maneno ambayo hukuyazoea."

Sikitu alisema, "Ndiyo, shangazi," akaondoka.

Lakini njia yake ya kurudi ilipita zahanati, na Nesi Kaoneka alikuwa ukumbini anaanika glovu. Alimwita kwa furaha. "Wewe ndiye unayetuletea betri! Mungu akuzidishie. Unajua hii tuliyo nayo ilinifanya nini vuli iliyopita? Mama yuko mezani, mtoto katanguliza mguu, taa zikafa, na mashine ya kumtafutia hewa ikafa. Taa ya jua, mawingu siku tatu, nayo haina kitu. Nilishika tochi kwa meno, hivi." Alionyesha. "Mtoto alipona. Mpaka leo nikiuma muhogo taya linaniuma. Sasa mkiniletea ya kwenu nitalala usingizi wa watu."

Sikitu alitazama taya la yule mwanamke. Jioni ile, kwa mara ya kwanza katika miaka mitano, hakumfunika Bubu. Wala Jumatano hakumfunika. Alifikiri hivi: mpimaji atapima tena siku ya kukabidhi, kipimo kitasema chenyewe, nami sitalazimika kusema.

* * *

Alhamisi waliyatoa masanduku kumi na mawili, wakayafunga kila moja kwa khanga mpya, na wanawake kumi na wawili wakayabeba kichwani hadi zahanati, nyuma yao kikundi kizima kikiimba. Ndiyo desturi: betri iliyokulea huisindikiza kwa miguu yako. Njiani watu walitoka majumbani kuwapungia. Bi Kupaza alitangulia na fimbo yake kama jemadari.

Sikitu aliomba abebe la tisa. Hakuna aliyeuliza kwa nini. Walipofika mteremko wa kwanza alianza kulisikia: joto, likipenya khanga, likipenya ngata, likitua utosini kama kiganja cha mtu. Betri ilikuwa imelala nje siku mbili bila blanketi, asubuhi ya ukungu, na bado sanduku lile lilikuwa na homa.

Uani pa zahanati waliyapanga kwenye meza. Shemweta aliyaunganisha, akafungua cheti, akatoa kalamu. Mkoba wa kipimo aliuacha begani, umefungwa.

Sikitu aliutazama ule mkoba. Shemweta hakuugusa. Hakuna kupima tena. Namba ya Jumatatu ilikuwa imeshaandikwa kwa wino.

"Anayekabidhi ni kikundi cha Kwembughu," Shemweta alisoma. "Uhai, asilimia sabini na nane. Anayepokea ni zahanati. Mlezi wa betri, una la kuongeza?"

Nyuma ya Sikitu, Stumai alimgusa kiuno, amsaidie. "Sina..." alinong'ona Stumai, kama mtu amkumbushaye mtoto shairi.

"Mlezi, una la kuongeza?" Huulizwa mara tatu.

Nyuso zote zikamgeukia. Zilikuwa karibu sitini, kama zile za darasa la tano. Koo likafunga, hewa ikapita. Sikitu alimwona Mwalimu Mhando, akaiona chaki. Kisha akamwona Nesi Kaoneka amesimama mlangoni, na mkono wake, bila yeye mwenyewe kujua, unapapasa taya.

"Mlezi, kwa mara ya mwisho. Una la kuongeza?"

"Ninalo."

Sauti haikuwa kubwa, lakini uani palinyamaza hadi kuku walisikika wakipekua. Shemweta alishusha kalamu. Katika kazi yake yote hakuwahi kusikia neno hilo, na ilionekana hajui afanye nini na mkono wake.

"Sikitu," Bi Kupaza alisema taratibu.

"Nisamehe, shangazi." Sasa yalikuwa yakitoka, na aliyaacha yatoke, akitazama meza. "Betri hii si sabini na nane. Ulipima hewa, kaka, hewa ilikuwa baridi, ukamwongezea. Lakini yeye hakuwa na baridi. Nilimfunika mimi, mablanketi mawili. Ulimhesabia baridi ambayo hakuisikia. Na sanduku la tisa ni gonjwa. Wekeni mikono."

Nesi Kaoneka ndiye aliyekuja kwanza. Alipitisha kiganja juu ya masanduku kama apitishavyo juu ya tumbo la mama mjamzito, polepole, moja hadi jingine. Kwenye la tisa kiganja kilisimama.

"Hili lina homa," alisema.

"Binti," Shemweta alisema, na uso wake ulikuwa umepauka, "nikipima sasa, kwa unavyoona wewe, kitasoma ngapi?"

"Sitini na moja."

"Umejuaje?"

"Kwa maharage."

Mtu alicheka nyuma, akanyamazishwa. Shemweta alifungua mkoba. Nusu saa ile ilikuwa ndefu kuliko miaka sita ya Bubu. Wanawake waliketi majanini na khanga zao mpya. Bi Kupaza alisimama peke yake, ameegemea fimbo, mgongo kwa kila mtu. Sikitu alisimama pale mezani. Jambo la ajabu, hakutamani gunia wala kona. Alitaka kuwa palepale alipo, mikono yake ionekane.

Kipimo kililia.

Shemweta alisoma, akafuta kioo kwa kidole gumba, akasoma tena. "Sitini na moja," alisema. "Nukta moja."

"Hiyo nukta ni zile mbegu mbili zilizobaki," Sikitu alisema.

Shemweta alimgeukia. Kisha alifanya jambo ambalo wanawake wa Kwembughu walilisimulia masika yote: alivua kofia.

Hakuwaficha. Alisema kipimo kilitengenezwa na watu ambao hawakuwahi kufikiri kwamba kuna mahali mtu atamfunika trekta kama ndama. Alisema ataandika waraka, vikundi vyote vya mlimani vivue mablanketi siku mbili kabla ya kupimwa, na betri zote zilizokwisha kukabidhiwa zipimwe tena. Alichomoa sanduku la tisa, akapima kumi na moja yaliyobaki. Kipimo kilisema sabini na tatu. "Zahanati ikikubali kwa macho wazi, inaweza kuyapokea haya," alisema. "Lakini kikundi huhesabiwa betri nzima. Sheria siwezi kuipinda. Masika haya, akina mama, ni jembe la mkono."

Hapo ndipo Bi Kupaza alipogeuka. Macho yalikuwa mekundu. Sikitu alijiandaa.

"Mficha uchi hazai," shangazi alisema, kwa sauti ya mwenyekiti, ya watu wote. "Juzi binti huyu alikuja kwangu na ukweli, nikamwambia aurudishe alikoutoa. Mimi, niliyewazaa sita kwenye zahanati hii." Akamgeukia Shemweta. "Andika, baba. Andika kwamba mlezi wa Kwembughu aliongeza. Wa kwanza mlima mzima. Na uandike kwa mwandiko mzuri, nitauweka ukutani."

"Na kazi yake niandike nini?" Shemweta aliuliza. "Jumatatu alisema anafunika tu."

"Si kafunua?" Stumai alidakia. "Andika fundi, tusicheleweshane."

* * *

Wiki ya tatu ya masika walikuwa kwenye ngazi ya kumi na mbili, ile ambayo Bubu alishindwa kuifikia. Wanawake ishirini na wawili walikuwa mstari mmoja, na majembe yaliinuka na kushuka. Wenye magoti mabovu walikaa ukingoni wakichomeka miche, wakiongozwa na Bi Kupaza, ambaye hakuacha kuwatania wanaolima kwa uvivu. Kwenye mfuko wa Sikitu kulikuwa na mbegu kumi na moja. Chini bondeni, dirisha la zahanati lilikuwa na mwanga ingawa mawingu yalikuwa mazito tangu Jumapili.

"Mgongo wangu unakulaani," Stumai alisema, akifuta jasho. "Ningekuwa nimeketi kwenye kiti changu sasa, nashika usukani kwa vidole viwili. Wewe na maharage yako."

"Pole."

"Sitaki pole. Nataka kujua kitu. Mtu ambaye hakumaliza hata darasa la tano, anagawaje mbegu elfu na mia moja? Siku ile kwa Mwalimu Mhando hukujua hata robo tatu ya ishirini. Nilikuwa nimekaa pembeni yako, nilitaka kukunong'oneza."

Sikitu aliinua jembe, akalishusha, akang'oa bonge la udongo mweusi na kuligeuza. Halafu akasimama wima, akaegemea mpini, akatazama ngazi zote zilizolimwa chini yake, kumi na moja, zimenyooka, hakuna hata moja iliyobomoka.

"Kumi na tano," alisema.

"Nini?"

Akavuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka kwa shangazi yake ukingoni:

"Kumi na tano! Nilijua."